Kazi ya Kushona Sura: Kisa cha Waandishi Wanne wa Hadithi ya Mashabiki, Lubumbashi

## Kuhusu kisa hiki

Watu wanne wa Lubumbashi, Kongo, waliandika pamoja kwa Kiswahili, kwa muda wa miezi kumi, maandalizi yakiwemo, hadithi ya mashabiki, yaani hadithi ambayo wapenzi wa kazi fulani huiandika wakitumia wahusika wa kazi hiyo. Majina yao, komuni (sehemu za mji) wanazokaa, jina la hadithi yao na la kazi ya asili waliyoitegemea vimeondolewa. Kazi hiyo ya asili ni mfululizo wa katuni za Kijapani, na kwa kisa hiki inatosha kujua hivyo. Waandishi tumewaita kwa shughuli zao: Yaya, Muuguzi, Fundi na Mfinalisti.

Hadithi ya pamoja ikikwama, watu husema mawazo yaliisha au waandishi waligombana. Hapa mawazo yalikuwapo hadi siku ya mwisho. Ugomvi ulikuwapo pia, lakini ulikuja kwa kuchelewa, baada ya jambo jingine kuwa limekwisha kuwachosha: kazi ya kuunganisha sura za mikono minne ziwe hadithi moja. Wenyewe waliiita kushona. Hakuna aliyeiweka kwenye hesabu.

## Usuli

Yaya ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili. Ndiye mkubwa wao kwa umri, na wote watatu humwita hivyo. Muuguzi alikuwa mwaka wa mwisho wa mafunzo, akifanya mazoezi hospitalini pamoja na zamu za usiku. Fundi anatengeneza simu kwenye kibanda chake. Mfinalisti alikuwa darasa la mwisho la sekondari, akijiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa ambao nyumba nzima huufanya pamoja na mtoto.

Wazo lao lilikuwa zuri. Waliwatoa mashujaa wa katuni kwenye shule yao ya Japani wakawaleta kwenye mji wa shaba wa Katanga, wakala bukari (ugali), wakasoma jioni kwa taa, wakafahamiana na watu wa machimbo. Hadithi inaanza Januari, mvua zikiwa katikati. Ndani yake Fundi aliumba mtu wake mwenyewe ambaye hayumo kabisa kwenye katuni: kijana mchimbaji anayeshinda shimoni mchana na kuja darasani usiku, vumbi la mawe likiwa bado kwenye nyusi. Kufikia sura ya sita wasomaji walikuwa wakimuulizia huyo kuliko mashujaa wenyewe.

Mpango ulikuwa sura 24, kila sura maneno 2,500, kutolewa kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Kwa zamu: Yaya, Muuguzi, Fundi, Mfinalisti, kisha kurudi mwanzo. Kabla ya kuanza waliandika sura tatu za akiba. Wote waliandika kwa simu, na kwa simu mtu aliyezoea hutoa maneno kama 400 kwa saa, kwa hiyo sura moja ilimchukua mtu saa sita na nusu hivi. Ukigawa kwa zamu ya majuma manne, kila mmoja aliona ni mzigo mwepesi: saa sita na nusu kwa mwezi, nani atakosa?

Walichapisha kwenye Archive of Our Own, hifadhi ya mtandaoni ya kazi za mashabiki iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009 na shirika lisilo la faida la Organization for Transformative Works, lililoanzishwa 2007. Waliichagua kwa sababu tatu. Ni bure, bila matangazo. Inakubali waandishi kadhaa kwenye kazi moja. Na msomaji anaweza kupakua hadithi yote kama faili ya EPUB au PDF, kisha akawarushia wenzake kutoka simu hadi simu bila kuteketeza mega za intaneti. Lubumbashi hiyo sababu ya tatu ndiyo iliyowapa wasomaji wengi. Mmoja akipakua, darasa zima linasoma.

## Kushona ni kazi ya namna gani

Tukae hapa kidogo, maana kisa chote kinazunguka jambo hili.

Tangu sura ya kwanza, rasimu zilipelekwa kwa Yaya "azipitie". Neno hilo, kupitia, ndilo lililoficha ukubwa wa kazi. Kupitia ni kusahihisha herufi. Alichokuwa akifanya Yaya ni kitu kingine, na kilimchukua saa nne kwa kila sura, kuanzia saa tatu usiku watoto wakishalala.

Kwanza, lugha. Muuguzi aliandika Kiswahili sanifu alichokipata vitabuni. Fundi aliandika kama anavyosema. Sentensi moja ya Fundi kwenye sura ya tatu ilikuwa hivi: "Akakamata taa, akatoka juu ya mvua." Mtu wa Lubumbashi anaelewa bila kusita: alichukua taa akatoka kwa sababu ya mvua. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam anaona mtu ameitia taa mbaroni, kisha akapanda juu ya mvua. Na neno "yaya" lenyewe, ambalo Lubumbashi ni heshima kwa kaka au dada mkubwa, kwingine ni mfanyakazi anayelea watoto. Katuni za Kijapani zimejaa namna za kumwita mkubwa na mdogo, kwa hiyo neno hilo lilikuwa likitokea kila ukurasa. Yaya alikata shauri mapema, na shauri hilo lilikuwa sahihi: maneno ya kinywani mwa wahusika yabaki ya Lubumbashi, na simulizi liende kwa sanifu. Akaweka maelezo mafupi mwanzoni mwa sura ya kwanza kuhusu "yaya". Wasomaji wa nje walipenda. Wa Lubumbashi walijisikia wako nyumbani.

Pili, mwendo wa simulizi. Muuguzi alisimulia kwa -li- kila mahali: aliinuka, alichukua, alitoka. Mfinalisti alisimulia kwa -ka-. Yaya mwenyewe alichanganya, -li- ya kufungulia tukio na -ka- za kulikimbiza. Mtu akisoma sura mbili mfululizo bila kushonwa, anahisi kama amebadilishiwa dereva katikati ya safari. Kuzirekebisha si kazi ya kubadili herufi moja moja; ukigeuza -li- nne kuwa -ka-, pumzi ya aya inabadilika na mara nyingi sentensi mbili zinabidi ziwe moja.

Tatu, na hapa ndipo saa zilipokuwa zikiishia: viungo. Sura ya 11, ya Fundi, inaishia uani kwa kijana mchimbaji, mvua ikianza kupiga mabati, watu wawili wakikimbilia barazani. Sura ya 12, ya Mfinalisti, inaanza papo hapo, watu wale wale, na sentensi yake ya kwanza inasema vumbi liliwafuata hadi mlangoni. Mfinalisti aliandika mwishoni mwa Aprili. Mvua zilikuwa zimekatika, vumbi limeanza, na alichokiona dirishani kikaingia hadithini. Yaya alijaribu kwanza kuandika upya ukurasa mzima. Kisha akafuta, akaondoa vumbi, akatia sentensi mbili tu: maji yalivyokuwa yakichuruzika kwenye ukingo wa bati, na mmoja akiyakinga kwa kikombe cha chuma. Sentensi mbili. Zilimchukua dakika hamsini, kwa sababu ilibidi asome sura ya 11 yote kutafuta nani alikuwa ameshika nini.

Nne, nani anajua nini. Kwenye sura ya saba kijana mchimbaji anataja barua ya baba yake ambayo inafunguliwa kwa mara ya kwanza kwenye sura ya nane. Yaya hakuliona, msomaji ndiye aliyeliona. Kosa la kovu kuhama kutoka jicho la kushoto kwenda la kulia husameheka. Kosa la mtu kujua siri kabla ya wakati wake huua mshtuko mlioutayarisha kwa majuma, na halirekebishiki bila kugusa sura zilizokwisha kutoka.

## Mfuatano wa matukio

Sura ya kwanza ilitoka Jumamosi ya pili ya Februari. Kufikia sura ya saba akiba yote ilikuwa imeliwa: mara moja kwa mitihani ya muhula ya Mfinalisti, mara moja kwa zamu za hospitali, mara moja kwa delestaji (mgao wa umeme) iliyowazimia umeme siku nne mtaani kwa Yaya. Hakuna aliyesema akiba imeisha. Ilionekana tu kwamba sasa sura inaandikwa Alhamisi na kutoka Jumamosi.

Fundi ndiye aliyekuwa na umeme wa uhakika zaidi kibandani, kwa hiyo kibanda chake kilikuwa kituo cha kuchaji cha kundi zima. Hilo pia halikuandikwa popote kama mchango. Litaonekana baadaye.

Baada ya sura ya tisa, mwenye duka la fotokopi alimwendea Fundi: angechapa sura nane za kwanza kama kijitabu na kukiuza kwa wanafunzi franka 5,000. Fundi alifurahi, na furaha yake ilikuwa na msingi. Mega na muda vilikuwa vikitoka mfukoni mwake. Yaya alikataa, na sababu zake zilikuwa thabiti. Sheria ya Kongo ya haki za mwandishi, Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inamwachia mwandishi wa asili haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake kugeuzwa kuwa nyingine, na Kongo na Japani zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa haki za waandishi. Hifadhi waliyochapishia nayo inakataza biashara. Fundi alijibu kwamba Wajapani wenyewe huuza vijitabu vya mashabiki, na alisema kweli: maonyesho ya Comiket ya Tokyo yamekuwapo tangu 1975. Lakini kule wenye kazi huvumilia, na uvumilivu wa mwenye mali si ruhusa iliyoandikwa. Anaweza kuuondoa siku yoyote.

Uamuzi ulikuwa sahihi. Namna ulivyofika haikuwa sahihi. Yaya aliutuma kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp, saa tano usiku, baada ya saa nne za kushona: "Hapana. Hatuuzishe. Tuendelee." Fundi hakujibu. Wote wakachukua kimya chake kuwa amekubali.

Zamu ya sura ya 10 ilikuwa ya Muuguzi. Alikuwa na zamu za usiku tatu mfululizo. Yaya akaiandika mwenyewe. Kwa hiyo kuanzia sura ya 9 hadi ya 13, Yaya aliandika sura tatu na kushona zote tano: saa kama ishirini za kuandika na ishirini za kushona, ndani ya majuma matano, juu ya kazi ya ualimu na nyumba. Aliendelea kusema yuko sawa.

Sura ya 14 ilikuwa tena ya Muuguzi, akashindwa tena, na Mfinalisti akajitolea, huku Exetat imemkaribia. Aliiandika kwa jioni mbili. Alihitaji tukio zito la kuifungia sura, akaporomosha shimo na kumuua kijana mchimbaji. Rasimu ilifika Ijumaa usiku. Simu ya Yaya ilikuwa na chaji asilimia tisa na mtaa ulikuwa gizani. Aliisoma nusu, akaona herufi ziko safi, akaipeleka Jumamosi jinsi ilivyo.

Jumapili asubuhi Fundi aliandika kundini: "Ule mutoto njo miye nilimuzala. Munamuua bila kuniita?" Saa moja baadaye aliandika kwamba anatoka, na sura zake zote zifutwe.

## Maamuzi, na kwa nini

Jambo la kwanza alilofanya Muuguzi, aliyekuwa macho kutoka zamu, ni kupakua hadithi nzima kwa EPUB kwenye simu mbili. Alifanya vyema sana. Kwenye hifadhi ile kila mwandishi mwenza ana uwezo wa kuhariri kazi na hata kuifuta yote. Fundi hakuwa na nia hiyo, lakini mtu mwenye uchungu na kitufe mkononi asiachwe peke yake na uamuzi wa namna hiyo.

Jambo la pili, Yaya alikataa kujibu kwa maandishi. Alimpigia Fundi, akamwomba radhi kwa sura ya 14 na, bila kuulizwa, kwa ule ujumbe wa usiku wa mambo ya kijitabu. Akamwita Jumapili inayofuata kwenye parsele (kiwanja cha nyumba) yake pamoja na wengine. Walikaa chini ya mwembe kuanzia saa nane mchana hadi jua kuzama. Mfinalisti aliongea wa kwanza kwa sababu ndiye mdogo na ndiye aliyekosa, na alisema alidhani mhusika akishaingia hadithini ni wa wote. Ni dhana ya kawaida kabisa kwa waandishi wa pamoja, na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo.

Sura ya 14 iliandikwa upya. Kijana mchimbaji hafi. Shimo linaporomoka, anaokolewa, na wiki inayofuata anapanda treni kuelekea kaskazini. Walikuwa na njia nyingine, kuiacha sura kama ilivyotoka kwa kuwa wasomaji wamekwisha isoma, na Mfinalisti aliitetea. Waliikataa njia hiyo kwa sababu gharama ya kuibadilisha sura ilikuwa jioni tatu na aibu kidogo mbele ya wasomaji, na gharama ya kutoibadilisha ilikuwa mtu.

Fundi alishikilia kutoka, lakini alikubali sura zake zibaki na jina lake. Walimweleza chaguo jingine ambalo hifadhi inatoa, kazi kubaki bila jina la mwandishi. Hakulitaka. Kwa upande wao walikubali kwa maandishi kwamba kijana mchimbaji ni mali yake, naye ana uhuru wa kumtoa na kumwandikia hadithi yake mwenyewe isiyo na jina wala mahali pa kazi ya asili. Hadithi ya namna hiyo anaweza kuiuza bila kumgusa mtu. Jibu hilo la fedha lilikuwapo tangu siku ya fotokopi. Lingetolewa siku ile, pengine mwembe usingehitajika.

Kisha wakatangaza mapumziko na tarehe ya kurudi: Jumamosi ya kwanza ya Agosti, baada ya Exetat na baada ya mazoezi ya Muuguzi kuisha. Tarehe ndiyo ilikuwa muhimu. Wasomaji huvumilia miezi; kisichovumilika ni "tutarudi hivi karibuni".

Mwisho waliandika ukurasa mmoja wa makubaliano. Mengi yake ni ya kawaida. Mawili yanastahili kutajwa. La kwanza: aliyemuumba mhusika ndiye mwenye kauli kuhusu kifo chake, ndoa yake, ulemavu wake na siri yake kubwa; mengine yote mwenye zamu anaamua. La pili: mtu asipojibu ndani ya saa 72 apigiwe simu, na kama hapatikani jambo lingoje. Kimya kwenye simu hapa mjini mara nyingi maana yake ni betri imekufa, na mara nyingine maana yake ni uchungu. Vyote viwili vilisomwa kama ndiyo, na hapo ndipo walipoumia.

## Baada ya Agosti

Walirudi wakiwa watatu, sura moja kila majuma mawili, maneno 1,800. Kwa haki na usawa walikubaliana kushona nako kuwe kwa zamu. Sura ya 15 iliandikwa na Yaya na kushonwa na Muuguzi. Ya 16 iliandikwa na Muuguzi na kushonwa na Mfinalisti.

Haikufaulu. Muuguzi, kwa uzoefu wake wa vitabu, aligeuza "yaya" kuwa "dada" kila mahali, hata vinywani mwa wahusika. Mfinalisti alishona kwa haraka na -ka- zake zikatapakaa. Wasomaji waliona. Yaya alirudia sura zote mbili, saa mbili kila moja, kwa hiyo jumla ya saa za kundi iliongezeka badala ya kupungua.

Kuanzia sura ya 17 waligawa kazi kwa namna ambayo mwanzoni ilionekana si ya haki: Yaya haandiki tena sura, anashona tu, wawili wengine wanaandika kwa kupokezana, kila mmoja sura moja kwa majuma manne. Yaya alihuzunika kuacha kuandika, na tusilipite hilo kama dogo. Aliingia kundini kwa ajili ya kuandika. Lakini mzigo wake ulishuka hadi saa mbili na nusu kwa majuma mawili.

Kilichozishusha saa hizo kutoka nne ni karatasi ya kupokezana. Kila mwandishi akimaliza sura anaijaza na kuituma pamoja na rasimu. Hii ndiyo ya mwisho wa sura ya 18:

"Saa: jioni, giza linaingia. Hewa: mvua imekatika, chini matope. Waliopo: watatu, barazani, mama yuko jikoni anasikia. Mkononi: mkubwa ameshika ufunguo, mdogo hana kitu. Anayejua: mkubwa tu ndiye anajua mwalimu amehama. Sentensi ya mwisho imeishia kwa -ka-."

Ni mistari sita, na kuijaza huchukua dakika tano. Mwandishi wa sura ya 19 hakuhitaji kusoma sura ya 18 yote kwa mega za kuazima, na Yaya hakutafuta ufunguo gizani. Mstari wa hewa waliuongeza kwa sababu ya lile vumbi la Aprili.

Bila Fundi walikosa pia mahali pa kuchaji. Walilipa chaji kibandani kwingine na kununua pawabanki moja ya pamoja, ikikaa kwa mwenye zamu. Hapo ndipo walipotambua kwamba Fundi alikuwa akichangia kitu kila juma, na kwamba kwenye ile hoja ya kijitabu hakuna aliyekuwa amekihesabu upande wake.

Hadithi ilimalizika katikati ya Novemba kwenye sura ya 22, badala ya 24. Sura mbili za katikati ziliunganishwa na nyingine, na hadithi haikupungukiwa. Sura ya mwisho waliiandika wote watatu siku moja, kwenye baraza la Yaya, simu moja ikizunguka.

## Uchambuzi: kilichofaa na kilichoharibu

Kosa la msingi ni la hesabu, na lilifanyika kabla ya neno la kwanza kuandikwa. Walihesabu saa za kuandika, saa 26 kwa kila mzunguko wa sura nne, na kuacha saa 16 za kushona. Kwa hiyo zaidi ya theluthi moja ya kazi yote haikuwa na mwenyewe, na kazi isiyo na mwenyewe humwangukia aliye mkubwa na asiyependa kulalamika. Kundi linaloanza lishone sura mbili za kwanza huku likitazama saa, kabla ya kutangaza siku ya kutoa.

Siku ya Jumamosi waliichagua kwa kutazama juma lao jema. Juma la kutazama ni baya: Muuguzi yuko zamu ya usiku, Mfinalisti ana mtihani, umeme hakuna. Kama sura haitoki katika juma hilo, basi ratiba isiwe ya kila juma. Akiba ya sura tatu kwa kundi la watu wanne ni ndogo mno. Mtu mmoja akikosa zamu mara moja kila mzunguko, inaisha ndani ya miezi mitatu, na yao iliisha mapema zaidi, kufikia sura ya saba. Tungeshauri sita, na kanuni kwamba ikifika mbili, kutoa kunasimama mpaka ijazwe.

Kuhusu Muuguzi tunapenda kusema wazi: hakuwa mvivu. Alikosa zamu zake za kuandika kwa sababu alikuwa akihudumia wagonjwa usiku. Kilichokosekana ni njia ya kusema "sura hii siiwezi" majuma mawili kabla, badala ya siku mbili. Ratiba yake ya hospitali ilikuwa inajulikana tangu mwanzo wa mwezi, hakuna aliyeiomba.

Zamu ya kushona ni funzo lililotushangaza. Usawa wa kazi na usawa wa mzigo si kitu kimoja. Sauti ya hadithi inakaa kwenye sikio la mtu mmoja, na kuligawa sikio hilo kwa watatu kuliongeza kazi kwa wote. Lakini mpango wa sura ya 17 ulifaa kwa sababu tu Yaya aliondolewa kuandika. Kumwachia mshonaji vyote viwili ndiko kulikomfikisha kwenye chaji asilimia tisa Ijumaa usiku. Kwa kundi ambalo mshonaji hataki kabisa kuacha kuandika, tunadhani njia ni kupunguza sura zaidi, moja kwa mwezi, kuliko kugawa kushona.

Mwembe ulifanya kazi ambayo WhatsApp isingeifanya. Kwenye ujumbe, "Hapana. Hatuuzishe." ni mlango uliofungwa. Uso kwa uso Yaya angeeleza sheria, angesikia habari za mega, na njia ya Fundi kuandika hadithi yake mwenyewe ingezaliwa mwezi mmoja mapema. Nauli ya mabasi ya watu watatu siku ile ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika mradi huu.

Karatasi ya kupokezana ndiyo tunayoipendekeza kwa kila kundi, hata la watu wawili, hata kama wanakaa nyumba moja. Ijazwe na aliyeandika, siku ile ile, kabla hajasahau. Ikijazwa na mshonaji haina faida, kwa sababu atakuwa amekwisha isoma sura yote.

Kuna moja ambalo kundi halikulimaliza. Makubaliano yao yanasema mhusika ni wa aliyemuumba, lakini kijana mchimbaji aliongezewa mengi na wengine: namna yake ya kucheka ni ya Muuguzi, dada yake ni wa Mfinalisti. Fundi alipoanza hadithi yake mwezi Desemba, aliwatumia ujumbe akiomba ruhusa ya kumchukua huyo dada. Mfinalisti alimpa. Kicheko Fundi alikiacha, akaanza kutafuta kingine.